Kamera Iko Nyuma ya Kioo, Mikono Ibaki Kwenye Usukani: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Usalama Barabarani

Kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi,
Kwa wakuu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA),
Kwa wakuu wa Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) na Mamlaka ya Barabara Kuu (KeNHA),

Waheshimiwa, salaam nyingi kutoka Mombasa.

Kazi yangu ni vioo vya magari. Nimeifanya hapa mjini kwa miaka 22. Nakata gundi ya kioo kilichopasuka kwa waya, nakitoa, nasafisha fremu, napaka gundi mpya na kuketisha kingine. Zamani kazi ilikwisha hapo. Mvua isipoingia na upepo usipopiga mbinja kwenye pembe, mteja alilipa akaenda zake. Siku hizi kazi haiishi hapo, kwa kuwa nyuma ya kioo cha magari mengi kuna kamera inayosaidia kushika breki, ila mimi, mteja wangu na askari anayemsimamisha pale Mazeras sote tunaendelea kana kwamba inaishia hapo. Ndiyo sababu ya barua hii.

Mwaka juzi aliniletea gari mwalimu mmoja wa sekondari. Toyota Fielder nyeupe, safi, ya mtumba kutoka Japani. Trela moja karibu na Mariakani lilimrushia jiwe, na ufa ukatambaa kutoka pembeni hadi katikati ya kioo cha mbele. Nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma palikuwa na kijisanduku cheusi kilichobanwa kwenye kioo kikubwa. Nilikifungua, nikakiweka juu ya dashibodi, nikabadilisha kioo, nikakirudisha. Kikakaa sawasawa. Mwalimu akaondoka.

Siku ya tatu akanipigia simu. Alikuwa Bamburi akielekea Mtwapa, mwendo wa kawaida, mara gari likashika breki lenyewe. Akaniambia, "Fundi, mbele yangu hapakuwa na kitu. Lori lilikuwa leni ya pili." Matatu iliyomfuata ilimkwepa chupuchupu, ikapanda ukingo wa barabara na abiria wake wote. Hakuna aliyeumia. Mwalimu hakunilaumu hata kidogo. Alidhani gari limepatwa na hitilafu ya umeme. Mimi ndiye niliyeanza kuishuku mikono yangu mwenyewe.

Nina rafiki wa utotoni anayefanya kazi kama yangu Dubai. Nilipomsimulia alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na kamera uliilenga?" Sikujua kwamba kamera hulengwa. Usiku ule alinitumia video ya karakana yao. Gari limeegeshwa juu ya sakafu iliyonyooshwa kwa pimamaji, tairi zote zina upepo sawa, buti tupu. Mbele yake umesimamishwa ubao wa miraba myeusi na myeupe, na umbali wake umepimwa kwa leza. Kompyuta imechomekwa chini ya usukani. Kamera inautazama ule ubao, na kompyuta inaifundisha kwamba hapa ndipo mbele, hapa ndipo katikati. Wenye kazi huita kalibresheni. Bila hiyo, kamera inaendelea kuamini ufundi wa yule aliyeibana kwa bisibisi.

Niliipiga hesabu mwenyewe kwa kalamu. Kamera ikikaa kombo kwa digrii moja tu, jicho la mtu halitambui. Lakini kwenye umbali wa mita 50 kosa hilo ni karibu sentimita 87, na kwenye mita 100 ni mita 1.75. Leni ya barabara kuu ina upana wa kama mita 3.5. Digrii moja basi ni nusu ya leni. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichompata mwalimu pale Bamburi, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kutupimia. Lakini najua nilichofanya na nisichofanya, na najua ni vioo vingapi nimefunga namna ile kabla yake.

Na kombo si tatizo pekee. Kioo chenyewe kina maneno. Kile kinachotoka kiwandani na gari kina kibanio cha kamera mahali pake kamili, na sehemu iliyo mbele ya kamera haina wimbi. Madukani kuna vioo vya bei nafuu visivyo na kibanio, na fundi hulazimika kukihamisha cha zamani na kukibandika kwa kukadiria. Kuna wanaopaka tinti hadi juu ya kamera. Kuna stika, kuna mapambo yanayoning'inia. Kuna vumbi la barabara zetu, linaloganda juu ya kioo pale ambapo waipa haifiki vizuri.

Hesabu ya magari yanayoingia nchini mnayo ninyi. Kwa kiwango cha KS 1515:2000 gari la mtumba haliingii Kenya likiwa limezidi miaka 8, kwa hiyo linaloshuka Kilindini mwaka 2026 limesajiliwa mara ya kwanza 2019 au baadaye. Toyota ilianza kuuza Safety Sense, mfumo wake wa kamera wa kumsaidia dereva, Japani mwaka 2015. Subaru walikuwa na EyeSight yenye kamera mbili tangu 2008. Nissan waliweka ProPILOT kwenye Serena mwaka 2016, na Honda na Mazda wana yao. Tangu Novemba 2021 Japani imelazimisha breki za dharura zinazojishika zenyewe kwenye miundo mipya ya magari madogo ya nchini humo. Kanuni yetu ya miaka 8, ambayo ni nzuri na naiunga mkono, ndiyo inayotuletea kamera hizi. Hatukuziomba. Zimekuja na gari kama vile viti na redio.

Wengi wetu tunaisikia Japani kila asubuhi. Unawasha gari, na sauti ya mwanamke inasema maneno kwa Kijapani: anakukumbusha kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara za kule kwao. Tumemzoea, watoto wanamwigiza. Lakini gari hilohilo huandika kwa Kijapani pia kwamba kamera imezibika, au kwamba breki za dharura zimezimika, na hayo nayo tumeyazoea kama tulivyoizoea ile sauti. Nimewaona wateja walioziba taa ya onyo kwenye dashibodi kwa kipande cha gundi nyeusi. Siwacheki. Nani amewahi kuwaambia inasema nini?

Nchini Japani kwenyewe, tangu Aprili 2020, sheria ya magari inataka karakana inayotoa au kurekebisha kioo chenye kamera ya breki za dharura iwe na kibali maalumu, mtu aliyefundishwa na vifaa vya kupimia. Yaani lile gari la mwalimu, lingepasuka kioo Osaka, fundi asiyekuwa na kibali asingeruhusiwa kuligusa. Likapandishwa meli, na ulinzi ule ukabaki gatini. Lilipofika kwangu lilikuwa na kamera ileile na breki zilezile, ila sasa likahudumiwa na mtu mwenye bisibisi na nia njema.

Msinielewe vibaya. Mimi si adui wa kamera. Nimeona gari likisimama lenyewe hatua mbili nyuma ya tuktuk iliyokatiza ghafla Kongowea, na dereva akashuka akitetemeka na kumshukuru Mungu. Kila mwaka barabara zetu zinaua watu zaidi ya 4,000, na kundi kubwa kuliko yote ni wanaotembea kwa miguu. Chombo kinachoweza kupunguza hata sehemu ya vifo hivyo ni neema. Lakini chombo cha kuokoa maisha hakiachwi bila mtu wa kukitunza, na hakiuzwi kwa maneno kisiyoyaweza.

Hapa ndipo pananiuma zaidi. Toleo la kwanza la Safety Sense lililowekwa kwenye Fielder, Axio na Vitz halikutengenezwa kumtambua mtu anayetembea. Lilitambua magari. Toleo lililofungwa kwenye magari makubwa ya Toyota ya wakati huohuo lilimtambua mtu, ila mchana tu. Kizazi cha pili, kilichoanza 2018, ndicho kilichoanza kumwona mtu usiku na mwendesha baiskeli mchana. Kwa macho, kijisanduku ni kilekile. Kitufe chenye picha ya gari linalogongana ni kilekile. Mnunuzi kwenye yadi anaambiwa, "Hili lina kamera, linajishika breki lenyewe," na anatoka hapo akiamini kwamba mtoto akikatiza mbele yake Likoni gari litamwona. Huenda lisimwone kabisa. Si bovu, halikuumbwa kwa kazi hiyo.

Na mengine yalitengenezewa barabara za kule. Alama ya kusimama ya Japani ni pembetatu nyekundu iliyopinduliwa. Yetu ina pembe nane. Vibao vyao vya mwendo vina tarakimu za buluu, vyetu nyeusi. Mfumo wa Nissan ulioruhusu dereva kuachia usukani kwenye barabara kuu, uliotoka na Skyline mwaka 2019, unategemea ramani za kina za barabara kuu za Japani. Hata gari hilo likifika hapa, ramani hizo hazina barabara ya kwenda Voi.

Sasa niseme kuhusu mikono.

Mpwa wangu anaendesha teksi. Usiku hubeba wateja hadi Nairobi. Gari alilonunua lina kamera inayofuata mistari ya leni na kuugeuza usukani kidogo lenyewe. Usukani una kihisio kinachojua kama mkono upo kwa kupima jinsi unavyousukuma. Usiposukumwa, gari linalia. Vijana wakagundua kwamba ukining'iniza chupa ya maji upande mmoja wa usukani, uzito wake unatosha kuidanganya mashine. Mpwa wangu alifundishwa na wenzake kwenye maegesho. Akawa anakula mahindi ya kuchoma, anajibu simu, anajinyoosha mgongo, na gari linakwenda.

Usiku mmoja, mbele kidogo ya Mackinnon Road, walifika mahali palipokuwa na daivashoni, njia ya muda ya kupisha matengenezo. Mistari ikaishia kwenye lami iliyokwaruzwa. Gari halikulia, chupa ilikuwa inalihakikishia kwamba dereva yupo. Likafuata mpasuko wa lami kama ndio mstari, likatoka nje, likashuka ule ukingo uliolika, tairi mbili zikapasuka. Abiria walikuwa watatu, mmoja mjamzito. Mungu aliwalinda wote. Mpwa wangu alipokuja nyumbani nilimwuliza alikuwa anatazama wapi. Akaniambia, "Mjomba, mimi nilijua inatazama yenyewe."

Hilo jibu sijalisahau. Mashine iliamini kwamba mtu anatazama, na mtu aliamini kwamba mashine inatazama.

Wenzetu wameliona hili mapema. Kanuni namba 79 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu usukani, inataka gari linalojishikilia kwenye leni limwonye dereva kwa alama kabla sekunde 15 hazijapita bila mkono, lipige kelele likifika sekunde 30, na akiendelea kukaidi msaada huo ujizime. Na hizo sekunde 15 zenyewe si kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa ni zaidi ya mita 400. Ni kama kulivuka Daraja la Nyali lote, mwanzo hadi mwisho, bila mkono. Kanuni mpya zaidi, namba 171, iliyoanza kutumika Septemba 2024, inataka magari ya namna hii yaangalie na macho ya dereva, si mikono peke yake. Umoja wa Ulaya umeanza kulazimisha vifaa vya kumwonya dereva aliyezubaa: miundo mipya tangu Julai 2024, na magari yote mapya kuanzia Julai 2026. Marekani, Desemba 2023, Tesla ilirudisha magari yapatayo milioni 2 kurekebishwa programu, kwa sababu ukaguzi wake wa kama dereva yupo makini ulionekana hautoshi. Miaka 5 kabla ya hapo, serikali yao ilikuwa imeamuru kampuni moja iache kuuza kizito cha kubandika kwenye usukani ili kuudanganya. Ni ile chupa ya mpwa wangu, imetiwa kwenye pakiti na kuwekewa bei.

Na kuna kisa cha Tempe, jimbo la Arizona, Machi 2018. Gari la majaribio la Uber la kujiendesha lenyewe, lenye mitambo mingi kuliko gari lolote tuendeshalo hapa, lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akisukuma baiskeli. Bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, NTSB, ilikuta kwamba mitambo ilimgundua sekunde 5.6 kabla, lakini ikawa inabadili rai: ni kitu kisichojulikana, ni gari, ni baiskeli. Mtu aliyeketi kwenye usukani macho yake yalikuwa kwenye simu. Mimi nikikisoma kisa hicho naiona njia yetu kati ya Maji ya Chumvi na Samburu saa 2 usiku: mkokoteni wa maji hauna taa, punda watatu, mwanafunzi anasukuma baiskeli iliyotoboka tairi. Ikiwa mitambo ile ilishindwa kumtambua mtu mmoja na baiskeli yake kwenye barabara pana ya mji wa Marekani, tusiiachie kumwona punda wa Samburu.

Waheshimiwa, ninayoomba ni haya, na nayaomba kama mtu wa kazi, si kama mtaalamu wa sheria.

Kwanza, gari likaguliwapo Japani kabla ya kupakiwa, hati yake iseme lina kamera au rada gani, mfumo unatambua nini (gari, mtu mchana, mtu usiku), na kama taa yake ya onyo imezima au inawaka. Mstari mmoja kwa kila jambo, kwa Kiswahili na Kiingereza. Mtu anayetoa milioni na ushee kununua gari anastahili kujua. Na mwenye yadi asiruhusiwe kusema "linajiendesha" juu ya gari ambalo mtengenezaji wake mwenyewe anasema dereva asiachie usukani.

Pili, rasimu ya kanuni za ukaguzi wa magari mliyoileta kwa wananchi 2025, inayotaka gari la binafsi lililozidi miaka 4 likaguliwe kila mwaka, itieni kamera ndani yake. Mnakagua breki, taa, tairi. Kamera hii inashika breki na kugeuza usukani; imekuwa sehemu ya breki na usukani. Gari likibadilishwa kioo cha mbele, liwe na karatasi ya kuonyesha kwamba kamera imelengwa upya, au kwamba mfumo umezimwa na mwenyewe amejulishwa.

Hapo najua mtaniuliza: na wewe fundi wa kibandani utaipata wapi mashine? Ndilo linaloninyima raha. Ubao, kompyuta na leseni ya programu ni fedha ambazo kibanda changu hakizioni kwa miaka. Mkiandika kanuni leo na kuacha vibali vipatikane kwa wauzaji wakubwa wa magari peke yao, kioo cha shilingi elfu kadhaa kitakuwa cha makumi ya elfu, na watu watafungiwa vioo usiku, kwa siri, bila karatasi. Kamera zitakuwa kombo kuliko sasa. Tafadhali wekeni sakafu moja ya kupimia katika kila kituo kikubwa cha ukaguzi, tulete magari tulipe kwa gari. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) tayari inatupima na kutupa vyeti vya ufundi. Mimi ninacho cha daraja la pili, nakitundika ukutani. Waongezeni somo hili. Vyuo vya ufundi vya kaunti vina vijana wanaojua kompyuta kuliko sisi wazee wa gundi. Tutakaa nao darasani. Mimi nitakuwa wa kwanza kujiandikisha.

Tatu, mikono. Kenya imejiunga na Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu mwendo wa barabarani, na mkataba huo unasema dereva awe na uwezo wa kulidhibiti gari lake wakati wote. Hilo literemsheni kwenye sheria ya trafiki kwa lugha ambayo mpwa wangu ataielewa: gari likiwa na msaada wowote wa kamera, dereva ni yule aliyeketi kwenye usukani, mikono yake ibaki pale, macho yake yabaki barabarani, na kuudanganya usukani kwa chupa, chungwa au kizito chochote ni kosa. Liwe wazi, fupi, na adhabu yake ijulikane. Kifungu kisichoeleweka kikifika barabarani hugeuka mlango wa kitu kidogo, na hatuhitaji mlango mwingine.

Shule za udereva nazo. Bado mwanafunzi anasimamishwa mbele ya ubao wa mji mdogo, anasukuma kigari cha kuchezea, anaeleza nani apite kwanza kwenye mzunguko. Ni somo zuri, nililifanya mimi pia. Lakini kijana huyo akitoka hapo anakabidhiwa gari linalopiga kelele likivuka mstari, linalovuta usukani mkononi mwake, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Wapo wanaoshtuka na kuuvuta usukani kinyume. Saa moja ya mafunzo ingetosha: taa hii maana yake nini, kitufe hiki kinazima nini, kamera haioni nini.

Kuhusu mistari ya barabarani nitasema kwa ufupi kwa kuwa jibu lake ni rangi. Kamera inafuata mistari. Ikifutika, au ya zamani ikiachwa karibu na mipya baada ya matengenezo, kamera inafuata yoyote iionayo. Palipo na daivashoni, chora ya muda na ufute ya zamani. Itamfaa pia dereva asiye na kamera kwenye mvua ya usiku.

Yule mwalimu nilimwita arudi. Nilimweleza kila kitu, nikamwonyesha jinsi ya kuuzima mfumo kwa kitufe hadi tupate pa kuupima, na nikakataa kulipwa. Alikasirika kwa muda, na alikuwa na haki. Kisha akaniuliza kama wazazi wa wanafunzi wake waliokuja kwangu nao wana kamera. Nilifungua daftari langu la wateja, tukalipitia pamoja hadi magharibi ikaadhiniwa.

Tangu siku hiyo kila risiti nayoandika ya gari lenye kijisanduku cheusi naiongezea mstari kwa mkono wangu: "Kioo kimebadilishwa. Kamera haijapimwa. Usiitegemee. Shika usukani." Leo nimeuandika mara mbili kabla ya saa sita mchana, gari la pili bado liko kivulini, gundi inakauka, na mwenyewe ananiuliza hiyo kamera ataipeleka wapi ikapimwe. Nangoja jibu lenu nimpe.

Wenu,
Fundi wa vioo vya magari,
Mombasa